Jinsi ya Kuikosa Pasipoti Yako ya Kwanza kwa Heshima Zote

Hongera, ndugu yangu. Sasa wewe ni wetu. Umetimiza miaka saba ndani ya kumi, na miezi kumi na miwili ya mwisho hukutoka nchini, kama Sheria ya Uraia ya 1995 inavyotaka. Jina lako limetoka gazetini ili mwenye pingamizi aseme. Uraia wa zamani umeukana, maana hapa hatuna uraia pacha. Umeapa, ukakabidhiwa Cheti cha Uraia wa Tajnisi, na umeshuka stendi ya Lushoto na bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

Kimebaki kitu kimoja: pasipoti. Najua huna safari, wala usijitetee. Nina meza ya fotokopi hapa karibu na stendi, na waombaji wa pasipoti nimewaona wa kila namna. Wenye safari ya kweli ni wachache. Waliobaki wanataka tu kukaa nayo, waitoe mfukoni siku ya harusi wakijifanya wanatafuta kalamu. Sikulaumu. Lakini kuipata kwa kufuata maelekezo ni kazi ya watu wasio na vipaji. Unajaza fomu, unalipa ada, unapanda basi, imekwisha. Njia hiyo imenyooka mno, na sisi watu wa milimani barabara iliyonyooka tunaitilia shaka. Toka Mombo hadi hapa ni kilomita 33 tu, na kona zake bado hazijapata wa kuzihesabu bila kutapika.

Basi nifuate. Nitakuonyesha namna ya kuikosa, na bado mtaa mzima ukuonee huruma.

Hatua ya 1: Itangaze kabla hujaiomba

Usianze na fomu. Anza na kijiwe cha kahawa. Wasalimie wazee "Onga maundo", pokea kikombe, kohoa kidogo, kisha sema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mambo makubwa: "Hii pasipoti nayo inanisumbua." Usiseme umeomba. Usiseme hujaomba. Liache neno litembee lenyewe. Likifika sokoni, kwenye mafungu ya plamsi na peasi, utakuwa unaondoka mwezi ujao. Likifika Magamba, utakuwa umeshaondoka, na wanaokudai wataanza kuja mlangoni kwa zamu.

Faida yake ni hii: tangu siku hiyo huwezi tena kwenda taratibu. Una haraka. Na mtu mwenye haraka ndiye mteja wangu, na ni mteja wa kila utakayemkuta kwenye hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Kitie cheti lamineshani

Milima hii ina ukungu wa aina mbili: ule wa asubuhi unaoshuka toka msituni, na ule wa kabatini unaokula karatasi. Wa kwanza hauna dawa. Wa pili dawa yake ninayo mezani. Lete cheti nikipitishe kwenye mashine. Mashine yangu ina kilema kidogo upande wa kulia, kwa hiyo plastiki itajikunja juu ya jina lako la mwisho na kufanya kama kovu. Muhuri utabaki chini yake, unang'aa kama samaki kwenye barafu. Ofisa atakayetaka kuupapasa aone kama ni wa kweli atapapasa plastiki. Atakuomba cheti halisi. Utamwambia hicho ndicho. Atakutazama. Nawe mtazame.

Kisha toa nakala ishirini. Hakuna aliyekuomba ishirini, lakini mimi nina familia.

Hatua ya 3: Jina lipe nafasi ya kupumua

Mtu wa kawaida ana jina moja kwenye karatasi zote. Wewe umeishi mengi, uwe nayo matatu. Kwenye cheti cha tajnisi acha lile la nyumbani, lenye herufi mbili pamoja. Kwenye kitambulisho cha NIDA liwe na herufi moja, kama alivyosikia mwandishi siku ile. Na kwenye fomu ya pasipoti ongeza kitu cha hapa kwetu. "She" inapendeza. Ukiweka She mbele ya jina lolote, umepanda Vuga kwa wafalme bila kulipa nauli.

Ukiulizwa, jibu kwamba hata mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal na leo ni Lushoto, na haukwenda kula kiapo kwa wakili. Ni hoja nzuri. Haijawahi kufungua dirisha hata moja, lakini ni nzuri.

Ukiwa hapo, punguza na umri. Miaka minne tu, ya urembo. Kikwazo ni kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila unapoiandika unajitangaza. Lakini mtu aliyeamua kuwa kijana hazuiwi na tarakimu nane.

Hatua ya 4: Mtafute kishoka

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000: unatoa 20,000 unapoanza ombi, na 130,000 baadaye. Fomu inajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, mfumo unakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki ukiwa umekaa kitandani. Umeuona ubaya wake? Hakuna wa kumshukuru. Hakuna wa kumwita "kijana wangu wa pale". Mambo makubwa hayapatikani hivyo.

Kwa hiyo mtafute kishoka. Utamjua: begi la begani, simu tatu, na namna ya kuitikia "mkuu" hata kabla hajapigiwa. Atakwambia laki tatu, ya haraka. Usipunguze, atakudharau. Mpe na karatasi zako zote akakujazie, maana wewe na kompyuta hamjazoeana. Kwenye nafasi ya namba ya simu ataweka yake. Kwenye barua pepe ataweka yake. Ujumbe wote kuhusu ombi lako utakuwa unaingia mfukoni kwake, namba ya malipo ikiwemo.

Wiki ya kwanza atapokea simu na kusema "iko kwenye mfumo". Wiki ya pili atasema "mfumo uko chini". Wiki ya tatu mwanamke mwenye sauti laini atakwambia namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mpigie hata hivyo. Ndiye mtu pekee katika jambo hili asiyekudai.

Hatua ya 5: Jibu kwamba ulizaliwa raia

Hapa ndipo kwenye ufundi wenyewe, sogea karibu. Fomu itakuuliza uraia wako umeupataje. Sheria inajua milango mitatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. "Tajnisi" ni neno la kweli, umelitolea jasho, lakini likitamkwa linasikika kama dawa ya minyoo. "Kuzaliwa" linasikika kama mtu mwenye shamba. Chagua kuzaliwa. Nani atajua? Una miaka mingi hapa, unakula bada, unalalamikia baridi ya Julai kama mwenyeji.

Kilichobaki ni kujitafutia bibi. Mzike Mtae, kule ukingoni kabisa mwa mlima. Ofisa gani atapanda mpaka huko kuhesabu makaburi? Tatizo dogo ni kwamba watu wa Mtae wanayajua makaburi yao kwa majina, na kila bibi aliyelala pale ana wajukuu walio hai, wanaouza viazi Lukozi. Utatakiwa pia kuleta cheti cha mzazi au kiapo chake. Basi mtafutie na mama, halafu mtafutie mama mume. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kabla haijakatika utakuwa umeanzisha ukoo.

Wapo watakaojaribu kukuharibia hatua hii kwa historia. Usiwasikilize. Watakutajia Mbegha. Watasema yule hakuzaliwa Usambara: alikuwa mwindaji wa Unguu aliyekimbia kwao, akapanda na mbwa wake na mikuki, akawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akagawa nyama kwa kila aliyemkuta, mpaka Wasambaa wakaona huyu afadhali atawale. Wafalme wote wa Kilindi waliokaa Vuga ni uzao wake. Na simulizi yake, watakwambia, haifichi alikotoka. Inaanzia huko huko. Jibu lako: Mbegha alikuja na nyama, wewe umekuja na nakala ishirini.

Wakishindwa kwa Mbegha watakutajia Wazigua wa Chogo, kule Handeni, mkoa huu huu wa Tanga. Mababu zao waliondoka nchi hii karne ya 19, wengine wakisukumwa na njaa, wengine wakivutwa na utumwa, wakaishia bonde la mto Juba, Somalia. Vita vya 1991 vikawarudisha wajukuu kama wakimbizi, na Kizigua chao kikiwa bado mdomoni. Kama kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kuweka mkono kifuani na kusema "sisi ni wa hapa hapa", ni hao. Wakajaza fomu za tajnisi, zikajibiwa. Watakutajia na wale watu 162,156 wenye asili ya Burundi, wakimbizi wa 1972 na watoto wao wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao uraia wao ulitangazwa 2014. Wote hao wana neno lile lile kwenye vyeti, na hakuna aliyesongwa nalo.

Zibe masikio. Songa mbele na bibi yako wa Mtae. Nina wajibu tu wa kukunong'oneza kwamba uraia wa tajnisi unaweza kufutwa ukigundulika ulipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo, na kwamba ofisa akishaanza kufukua kaburi la bibi huwa hachagui pa kuishia. Utakuwa mtu wa kwanza Lushoto kuuweka rehani uraia wa kweli ili ununue wa kubuni. Hilo nalo ni jina.

Hatua ya 6: Jialike

Ukitakiwa kueleza safari yenyewe, usiseme ukweli kwamba una shemeji Mombasa anayeoza binti. Ni karibu mno, haina hadhi. Mtafute mjomba Muscat. Aandike barua: "Mpwa wangu mpendwa, njoo utembee." Aiandike kwa mwandiko wako, kwenye karatasi ya daftari lako, na kalamu iishiwe wino katikati pale pale ulipoishiwa wewe. Chini yake mgongee muhuri. Mjomba halisi hana muhuri, na ndiyo maana wako atapendeza zaidi.

Hatua ya 7: Vaa koti la studio

Wanachotaka wao ni uso wako, masikio yako na ukuta mtupu wa rangi mpauko. Usikubali umaskini huo. Mpiga picha ana koti moja jeusi linalovaliwa na wilaya nzima. Mabega yake yalikatwa kwa ajili ya mtu mkubwa kuliko sisi sote, na kwenye kola kuna alama ya poda ya bibi harusi wa juzi. Livae. Funga tai iliyokwisha kufungwa, ile ya lastiki. Mwambie akupunguzie mikunjo usoni, aongeze mwanga, na kama kuna nafasi akuweke maporomoko ya Soni nyuma.

Picha itatoka nzuri sana. Mama yako hatakutambua. Kumbuka tu kwamba siku ya kufika ofisini watakupiga nyingine kwa kamera yao, umekaa kwenye kiti, ukiwa umetoka tu kwenye basi. Hiyo ndiyo utakayokaa nayo miaka kumi.

Hatua ya 8: Nenda Tanga kwa kishindo

Mabasi huondoka alfajiri. Panda la pili. La kwanza ni la wanafunzi na watu wenye hofu. Vaa sweta, na juu yake koti, maana umetoka kwenye baridi. Kufika Mombo sweta litaanza kukudai. Korogwe utalivua. Muheza utakuwa umelikalia. Tanga mjini utateremka umelowa kama aliyetoka kuzamia, na cheti chenye plastiki kimegandana na barua ya mjomba.

Ofisi za serikali zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa hiyo kula kwanza. Fika saa tisa na robo ukiwa na sauti ya mtu aliyesafirishwa na taifa.

Watakuambia uweke vidole kwenye kioo cha mashine. Hapa sitanii sana. Mikono iliyolima viazi, kuchuma chai na kupasua kuni miaka yote hiyo, mistari yake imesagika. Mashine inatazama kidole na haioni kitu. Nimemwona mzee amekuja kwenye meza yangu anatazama ncha za vidole vyake kama mtu aliyeibiwa. Dawa yake ni kupumzisha mikono siku chache, kuosha, kukausha, na kurudia bila hasira. Lakini dawa hiyo haina mvuto. Wewe vipake mafuta ya nazi mpaka kwenye kiwiko, kioo kiteleze kama kambale.

Ukiona mambo yamekuwa mazito, weka noti ndani ya faili, ikunje mara mbili, isukume huku unatazama dari. Ofisa atakurudishia akisema, "Baba, umesahau hela yako humu," kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Foleni yote itageuka. Utaichukua. Utasema asante. Hakuna asante ndefu kama hiyo katika lugha ya Kiswahili.

Hatua ya 9: Lalamika vizuri

Sasa umekosa. Pongezi tena. Kilichobaki ni kukosa kwa heshima, na wengi huharibu hapa kwa kusema ukweli. Usirudi usiku kwa kujificha. Rudi mchana, ushuke stendi polepole, ununue karoti usizohitaji. Ukiulizwa, toa pumzi kwanza, halafu sema: "Mambo ya mtandao, ndugu yangu." Neno mtandao linabeba kila kitu. Halina baba, halina mama, haliwezi kuja kijiweni kujitetea. Kila mzee aliyekaa pale ana kidonda chake cha mtandao, na mazungumzo yatahamia kwao. Utamalizia kahawa yako bila kulipa.

Mwaka ujao anza tena hatua ya kwanza. Mimi nipo.

Onyo la mwisho

Naona haya kukuficha kwamba kuna mtu hapa jirani aliyeharibu mpango mzima. Mama wa makamo, muuza mboga, alizaliwa ng'ambo ya mpaka na amekaa milimani zaidi ya nusu ya umri wake. Alikuja mezani kwangu akaomba nakala mbili. Mbili! Nikamwambia kuhusu lamineshani, akasema kitamtosha kifuko cha plastiki. Jina lake lilipokuwa na herufi moja pungufu NIDA, alikwenda kulirekebisha kwanza, akasubiri. Alimkalisha mjukuu wake mbele ya simu wakajaza fomu pamoja, na pale penye milango mitatu akamwambia agonge "tajnisi", akamtamkia kwa silabi, kama anafundisha kusoma. Akalipa mwenyewe. Akapanda basi la kwanza.

Nikasubiri arudi na habari ya mtandao. Akarudi na kijitabu cha buluu, Jumuiya ya Afrika Mashariki juu, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania chini yake. Hakukipeleka kijiweni. Alikifunga kwenye kanga.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuaibisha: siku tatu Mombasa, kwenye harusi. Aliporudi alinisimulia, kwa kuwa nilimng'ang'ania. Pale Horohoro, anarudi, dada wa dirishani alikifungua, akasoma mahali alipozaliwa, ambapo pameandikwa wazi wala hapana bibi wa Mtae. Akamtazama. Akamuuliza, "Mama, unaenda wapi?"

"Naenda nyumbani. Lushoto."

"Lushoto," yule dada akasema, huku anatafuta ukurasa, "huko baridi jamani, mnaishije?"

Akagonga muhuri. Basi. Nikamuuliza mama, ndiyo hayo tu? Akasema ndiyo hayo tu, akaniuliza kama nina chenji ya elfu kumi, akaenda zake kufungua genge.

Nimelifikiria neno lile, "mnaishije". Hakusema "wanaishije huko". Alisema "mnaishije", na mama akaingizwa humo pamoja na sisi wengine wote, baridi na kila kitu, kwa silabi moja, bila shahidi. Mimi nimewauzia watu nakala kwa mamia wakitafuta silabi hiyo.

Lakini huyo, ndugu yangu, hakufuata hata hatua moja ya mwongozo huu. Watu wengine hawajui starehe. Wewe lete cheti nikitie lamineshani. Mashine imeshapata moto.